Jogoo wa Mjomba

Mpaka leo siwezi kukaa uani nikaupa mgongo mlango wa ua. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema Babu anakaa kama askari wa zamu. Nikiwekewa kiti naanza kukisogeza, mara huku, mara kule, mpaka nione ua wote mbele yangu na ukuta nyuma. Wengine wanadhani nilipigana vita. Sikupigana vita yoyote. Nilifuga jogoo.

Ilikuwa Newala, miaka ya mwisho ya Mwingereza, wakati habari za mabomba ya maji yatakayopanda mlima zilikuwa bado habari tu. Nilikuwa karani wa baraza. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, na siku zile mtu wa darasa la kumi alitembea kifua mbele hata akienda chooni. Kwetu ni upande wa Masasi, chini kwenye vilima vya mawe. Mke wangu ni mwenyeji wa juu, Mmakonde, na kwa kuwa watu wetu hufuata ukoo wa mama, nilipooa nilihamia kwao. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya ua wa mama mkwe wangu, mjane, mwanamke mrefu mwenye shingo iliyonyooka kwa kubeba maji tangu utotoni. Ua ulikuwa wake, ghala lake, mikorosho yake. Mle ndani changu kilikuwa sanduku la nguo, jozi moja ya viatu vyeusi vya kazini, na baadaye jogoo.

Jogoo aliletwa na lori kutoka Masasi, ndani ya tenga, binti yetu alipotimiza siku arobaini. Utingo alilishusha tenga huku akinyonya kidole.

"Karani, mjomba wako anakusalimu. Anasema atakuja mwenyewe kumwona mtoto. Na huyu mzigo wake, ushike mwenyewe, mimi nimechoka naye."

Alikuwa kuchi, jogoo wa mbegu ya kupigana, shingo tupu, miguu mirefu ya manjano, na kila mguu una kipi kilichopinda kama mwiba wa mchongoma. Nilipofungua tenga alitoka taratibu, akakung'uta vumbi la barabara, akatutazama mmoja mmoja kama mkaguzi wa shule. Mke wangu akasema, "Kitoweo hicho." Nikamwambia hapana. Kwetu jogoo aliyetolewa na mjomba huliwa siku mjomba mwenyewe amekaa mkekani, na firigisi anapewa yeye. Tutamngoja.

Hiyo ni desturi ya kweli, sikuibuni. Lakini nilivyoishika ni jambo jingine. Katika ua wa wanawake, nyumba si yangu, shamba si langu, yule jogoo akiwika asubuhi niliona kama ni mimi ninayewika. Wanaume waliokuja baraza walisimama nje ya ua kumtazama. "Karani, una jogoo!" wakasema, nami nikajibu, "Ni wa mjomba huyo," kwa sauti ya mtu asiyejali, huku kifua kimejaa.

Alianza na paka. Paka wetu alikuwa mzee, mweupe wa madoa, kazi yake kulinda mahindi ya ghalani dhidi ya panya, na mchana alilala juani mbele ya jiko. Jogoo alimwona kalala, akamjia kwa upande, bawa moja likiburura chini, akampiga mgongoni. Tangu siku hiyo paka alihamia juu ya ghala, akawa anashuka kwa mashaka, hatua moja, kisha anatazama.

Kisha mbwa. Mbwa wetu alikuwa wa kufukuza nguruwe wa porini mashambani, mwembamba, wa rangi ya mchanga, asiyeogopa nguruwe dume. Asubuhi moja alikuwa anaramba chungu. Jogoo aliruka mara moja tu. Nilisikia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mbwa yule, na alipogeuka jicho la kushoto lilikuwa linavuja. Hakupona jicho lile. Mke wangu alimkamata mbwa kichwa, akamwosha kwa maji ya chumvi, wala hakuniangalia. Alizoea kuniita kwa jina la binti yetu, Baba fulani. Siku hiyo aliniita Karani.

"Karani, mtoto wako anaanza kusimama."

"Namwona."

"Akisimama, uso wake uko wapi na huyo jogoo wako yuko wapi?"

Nikapima kwa macho. Walikuwa sawasawa. Nililijua hilo tangu siku ile, na nataka niliseme mapema: nililijua. Wiki ileile barazani tulikuwa na shauri la mbuzi dume aliyempiga mama mjamzito njiani. Mzee wa baraza alimwuliza mwenye mbuzi, "Ulijua kwamba ana tabia hiyo?" Yule mtu akajibu kwamba alijua. Nami kwa mwandiko wangu mzuri nikaandika katika daftari: alijua. Nikakausha wino, nikarudi nyumbani.

Basi ua ule ukawa hauna utulivu. Kila mtu alitembea na fimbo. Mke wangu alifagia akirudi kinyumenyume, ufagio mkono huu, kijiti mkono ule. Wageni waliita hodi wakabaki barabarani. "Kwanza mfungieni polisi wenu!" wakapiga kelele. Mtoto alibebwa mgongoni kutwa nzima, akalia kutaka kushushwa, akashushwa ndani ya chumba, akatoka kwa kutambaa, akarudishwa. Mimi mwenyewe sikukaa. Nilikula nimesimama. Nikisoma gazeti nililisoma nikizunguka, na yeye anazunguka nyuma yangu, kwo, kwo, kwo, sauti ya chini, kama mtu anayekumbuka deni.

Jirani yetu, mama mtu mzima asiyejua kunong'ona, alituletea dawa. "Chemsheni muhogo. Ukiwa bado wa moto, uchomekeni kwenye kipi. Kitalegea, mnakizungusha, kinatoka kama jino la mtoto. Atabaki anapiga watu kwa maneno tu."

Mke wangu alikwisha inuka kwenda kuchukua muhogo. Nikasema, "Mjomba akija amkute jogoo wake kibogoyo?"

"Mjomba wako anakuja lini?"

"Atakuja."

"Mwaka umepita, Karani."

Mama mkwe wangu yeye hakuniambia neno, kwa sababu hakuweza. Kwa desturi ya kule, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni wala hawasemezani. Tulikuwa tunaishi ua mmoja kama jua na mwezi. Kila siku kabla hakujapambazuka alishuka mteremko kwenda visimani bondeni, kwani juu kule hakuna maji, na alirudi jua limepanda, mtungi kichwani. Akifika mlangoni kwa ua alikohoa mara tatu. Nikisikia nilijiondoa, nikaingia ndani au nikapita nyuma ya ghala, yeye akaingia akatua mtungi. Nikisha jiondoa, kama ana neno na mimi, alimwambia paka.

"Wewe paka," ilikuwa sauti yake, akijua niko upande wa pili wa ukuta, "ulipokuwa kijana hapa hapakuwa na mfalme. Leo unalala juu kama popo. Mwulize mwenyewe, sisi tutapewa ngazi lini?"

Au siku nyingine: "Paka, mwambie mwenye jogoo, jicho la mbwa ni jicho la mbwa. Mjukuu wangu ana mawili tu, na yote nayataka."

Nilicheka peke yangu nyuma ya ukuta. Alikuwa mcheshi, yule mama. Nilijifanya nimesikia ucheshi tu.

Mwishowe, baada ya jogoo kumtoboa mke wangu mguu, nilikubali kumfunga. Nilinunua kamba ya katani, nikamfunga mguu kwa kipande kifupi kwenye shina la mkorosho mlangoni kwa ua. Miezi miwili ua ulipumua. Paka alishuka. Mtoto alijifunza kutembea, akawa kila bibi yake akikohoa mlangoni anakimbia kumlaki, kwa maana kinywaji cha kwanza cha mtungi kilikuwa chake, kata moja ya maji baridi ya bondeni. Mbwa tu ndiye hakubadilika. Alilala chini ya ghala, jicho lake zima likitazama mkorosho.

Kisha utingo yuleyule alipita barazani jioni moja. "Karani, mjomba wako kesho yumo. Amekwisha weka nafasi mbele kwa dereva."

Asubuhi ile sikutulia tangu nilipoamka. Nilivaa viatu, nikavua, nikavipiga kiwi, nikavaa. Mke wangu alikuwa jikoni akisonga. Mama mkwe alikuwa bado bondeni. Nilimtazama jogoo pale mkorosho, ngozi ya mguu imechunika kwa kamba, mkia umejaa udongo, kama mwizi aliyefungwa akingoja polisi. Nilimwona moyoni mjomba akishuka lorini na kitu cha kwanza kukiona ni zawadi yake imefungwa kamba. Niliona aibu. Sikuona kitu kingine chochote. Nikachukua kisu, nikakata kamba. Nilitaka awe na saa chache za kujikung'uta, apendeze, na mchana tungemchinja, na mambo yote yangekwisha kwa heshima.

Sikumwambia mke wangu.

Jogoo hakuondoka hata pale. Alisimama na kipande cha kamba mguuni. Nami nikasikia mlangoni: khoo, khoo, khoo.

Nikafanya kama siku zote. Nikapita nyuma ya ghala.

Ghala la kule hujengwa juu ya nguzo, kimo cha goti, ili mchwa na unyevu visifike kwenye mahindi. Nilisimama nyuma yake, mbwa yuko chini yake, miguuni pangu. Nikasikia mtoto anatoka mbio, miguu yake midogo, pata pata pata, "Bibi! Bibi!" Na hapo nikakumbuka kamba.

Nilichungulia kwa pembeni. Jogoo alikuwa amekwisha shusha bawa. Mtoto alikuwa kati ya jogoo na bibi yake, mikono ameinua juu. Mwanamke mwenye mtungi uliojaa kichwani hawezi kuinama. Anaweza kupiga magoti taratibu kwa kunyooka, lakini hawezi kuinama. Mama mkwe wangu aliuachia. Maji ya asubuhi nzima, mteremko mzima, aliyaachia kama mtu anayekung'uta nzi, na kabla mtungi haujapasuka chini alikuwa amekwisha jitupa juu ya mtoto. Alianguka kwa nyonga, vigae vikatawanyika kando yake. Jogoo akampanda mgongoni, akapiga, akapiga, na khanga ikamfunguka.

Niliangalia pembeni.

Nimeishi miaka mingi na jambo hilo, kwa hiyo nitaliandika lilivyokuwa. Nilijiambia kwamba mkwe haruhusiwi kuuona mwili wa mama mkwe wake. Nilijiambia kwamba mke wangu yuko jikoni, atatoka sasa hivi. Desturi ilikuwepo, ndiyo. Lakini mwili wangu ulikuwa umekwisha rudi nyuma hatua mbili kabla sijaikumbuka desturi. Nilikuwa namwogopa jogoo, na nilikuwa naogopa kuonekana pale, mwenye kisu mfukoni. Desturi nilijifunika nayo baadaye, kama yeye alivyokuwa anahitaji kufunikwa khanga ambayo sikwenda kumfunika.

Aliyetoka ni mbwa. Tulikuwa wawili nyuma ya ghala lile, na mwenye jicho moja ndiye aliyetoka. Hakuuma. Alizunguka tu, akibweka kwa sauti ya ajabu, karibu ya kulia, mpaka jogoo akainua kichwa. Muda huo mke wangu alifika na mchi wa kinu, akampiga jogoo dharuba moja iliyomtupa mpaka kwenye fenzi.

Mimi nilipita upenyo wa nyuma ya ua, nikazunguka njia ya mashamba, nikaingia kwa mlango wa mbele nikihema.

"Kuna nini?" nikauliza. "Nilikuwa njiani kwenda baraza nimesikia kelele. Kuna nini?"

Mke wangu alikuwa anamfunika mama yake. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu, uso mzima, macho mawili. "Kamba imekatika," mke wangu akasema.

"Imekatika?" nikasema mimi.

Mjomba alishuka lorini alasiri, mwili mpana, kofia mkononi, akicheka kabla hajafika. Alipoambiwa aliweka kofia chini, akaketi mkekani. Jogoo alikuwa amekwisha chinjwa. Mke wangu alimpika na hakuonja. Firigisi iliwekwa mbele ya mjomba. Akaigusa kwa kidole, akaisukuma.

"Mwanangu," akasema, "huyu kwangu alimtoboa mbuzi tumbo. Ndiyo maana nikakutumia wewe. Nilijua wa mjini mna njaa ya nyama, atakaa siku mbili."

"Nilikuwa nakungoja mjomba. Desturi."

"Desturi naijua, mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini lori si linapita kila juma? Ungemwambia utingo maneno mawili tu: mjomba, anaumiza. Ningekujibu, kuleni. Desturi ina mlango, mwanangu. Ulikuwa huutaki."

Firigisi ile ililiwa na mbwa.

Mganga wa viungo alikuja akamnyoosha mama mkwe nyonga, akamfunga kwa vijiti na magome. Alitembea tena, lakini kwa mkongojo, na mteremko wa visima hakuushuka tena maisha yake yote. Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Basi maji nikaanza kuteka mimi. Niliazima madebe mawili, nikatafuta mti wa mzega wa kuyaning'iniza begani, nikashuka gizagiza na wanawake, ili niwahi baraza saa mbili.

Walinifurahia sana. "Shikamoo Karani! Leo baraza limehamia bondeni?" "Mwacheni, anakuja kuandika majina ya vyura." Jirani yetu asiyejua kunong'ona alitembea nyuma yangu kupanda mlima, akihesabu mara nilizopumzika. "Hii ya nne, Mkwe! Mkweo alipanda hapa na mtungi mmoja na hadithi mdomoni." Mabega yalinivimba. Maji yalimwagika, nusu debe likafika. Wakati mwingine nilisikia kwo, kwo, kwo ya kanga wa porini vichakani, na nywele zikanisimama.

Nilipofika kwenye ua sasa ilibidi mimi ndiye nikohoe, kwa kuwa yeye alikuwa hana mbio za kujiondoa. Khoo, khoo, khoo. Akavuta khanga kichwani, akageukia ukuta, mimi nikapita na mzega.

"Paka," akasema, "mwambie anayekohoa maji ayaweke kivulini."

Nikayaweka kivulini. Miezi ilikwenda hivyo. Kila mtu alinisifu. Mkwe mwema, wakasema, mtu wa darasa la kumi anabeba mzega kwa ajili ya mama mkwe. Kila sifa ilinifanya nisilale. Ile kamba, kila mtu aliamini ilikatika. Kipande chake nilikizika mwenyewe, kwa sababu mahali palipokatwa kwa kisu hapafanani na mahali palipokatika.

Siku moja nilifika, nikakohoa. Alikuwa amekaa mbele ya jiko, mguu ameunyoosha, anachambua mbaazi kwenye ungo. Akavuta khanga, akageuka. "Paka," akaanza, "mwambie..."

Paka hakuwepo. Alikuwa amekufa juma lililotangulia, kwa uzee, na sisi wote tulijua. Mke wangu alimfukia chini ya mkorosho. Mkono wa mama mkwe ulisimama kwenye mbaazi. Mimi nilikuwa nimesimama na mzega begani, maji yanadondoka kwenye viatu. Sijui kwa nini siku ile. Labda ni kwa sababu paka hayupo na bado tulikuwa tunamhitaji.

"Paka," nikasema mimi, na sauti yangu ilinitoka kama ya mtoto wa shule, "mwambie Mama, kamba haikukatika. Niliikata. Na sikuwa njiani kwenda baraza. Nilikuwa nyuma ya ghala."

Hakugeuka. Alichukua punje moja mbovu, akaitupa nje ya ungo. Akachukua nyingine.

"Paka," akasema, "mwambie nililala chini, uso huku. Ghala lile lina nguzo, na chini ya nguzo mtu anaona mpaka nyuma. Katika ua huu mwenye viatu ni mmoja."

Mzega ulikuwa unanikata bega. Sikuthubutu kuutua.

"Na mwambie," akasema, akirudi kwenye mbaazi zake, "yasimwagike. Ayaweke kivulini."